Tazameni Paa Kabla ya Mlango

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kazi ya kutembeza wageni, Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Mwenyekiti, walimu, wazee wetu mliovumilia viti hivi vya plastiki, na nyinyi wanangu mnaojiandaa kuingia kazini. Mmenialika mimi mwashi nizungumze juu ya uzuri wa majengo ya kale. Mwashi ukimpa kipaza sauti atazungumza chokaa, na mimi sitovunja ada hiyo. Lakini kabla ya chokaa nina ombi. Nunueni shanta. Si lazima jipya, Darajani mtumba umejaa. Tieni nguo mbili tatu, kikoi au khanga, tochi, daftari na chupa ya maji, mlibebe mgongoni mwende mkaone Kilwa, Lamu na Mombasa. Na wale ambao hata mkondo wa Pemba hamjauvuka, na najua mpo, muanzie huko.

Kwa nini nasema haya? Kila siku tunawaona vijana wa Ulaya wakishuka botini na mizigo mgongoni, jasho linawatiririka. Wanapotelea Sokomuhogo wanatokezea Kiponda huku wakicheka. Wengine wamekwisha kulala Lamu, wamekwisha kupanda mashua ya Kilwa. Halafu mmoja wao anamuuliza kijana wetu, mzaliwa wa Mkunazini: nyumba za hapa zinatofautianaje na za Lamu? Kijana wetu anaguna kidogo, halafu anamwonyesha mlango.

Mlango ndio ugomvi wangu na nyinyi leo.

Msinielewe vibaya. Mlango wa Unguja ni kazi kubwa. Simameni mbele ya mmoja mkiwa karibu, pua inakaribia mbao. Katikati kuna mfaa, ule mhimili uliopigiliwa kwenye ubao mmoja, umechongwa kutoka juu hadi chini. Pembeni kuna mnyororo wa nakshi unaozunguka fremu. Chini, karibu na kizingiti, mara nyingi mtamwona samaki, au mawimbi, na kutoka hapo mmea unapanda juu. Milango ya zamani zaidi, ya mtindo wa Kiarabu, juu imenyooka, na kwenye ubao wake wa juu mara nyingi kuna aya ya Qur'ani. Ile yenye tao juu, iliyojaa majani na maua, ilienea zaidi mwishoni mwa karne ya 19, na humo mna mkono wa mafundi wa Kihindi. Misumari ya shaba nayo ni mtindo uliotoka Bara Hindi. Na tafadhali, ile habari kwamba misumari ni ya kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango isemeni kwa kiasi. Huko Bara Hindi ina maana. Hapa mjini hakuna tembo aliyewahi kuja kusukuma mlango wa mtu.

Basi mlango ni mzuri, lakini mlango ni mali ya mwenye nyumba. Alitaka jirani aione, ndiyo maana akauweka barabarani. Ukitaka kujua nyumba imejengwaje, na kwa nini ina umbo lile na si jingine, inua kichwa utazame paa na dari.

Tafuteni mahali plasta imebanduka. Kwetu hapa hamtotafuta sana. Mtaona jiwe la matumbawe, vipande visivyolingana, vimeshikana kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukuta ni mnene, nusu mita na zaidi, kwa sababu jiwe lile ni jepesi na lina vitundu, peke yake halina nguvu kubwa. Sasa pigeni hodi, mkikaribishwa ingieni ndani, mtazame juu. Boriti za mikoko zimelala karibu karibu, juu yake mawe bapa, juu ya mawe chokaa iliyoshindiliwa ikawa sakafu ya ghorofa inayofuata. Zamani watu walipiga sakafu hiyo kwa vigongo, mstari kwa mstari, huku wakiimba ili mapigo yaende pamoja.

Boriti ndiyo siri yote. Mti wa mkoko ni mgumu na ulipatikana tele, kuanzia mito ya Rufiji hadi visiwa vya Lamu, na majahazi yaliupeleka hata Uarabuni. Lakini kipande kilichonyooka, chenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe, hufika kama mita 3 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Tajiri wa karafuu alikuwa na vyumba vingi kuliko jirani yake, kuta ndefu zaidi, ghorofa zaidi, lakini upana ulikuwa ule ule. Mkoko haukujali cheo cha mtu.

Ukilishika jambo hili moja, kila mji wa mawe wa pwani hii utakuwa unakujibu swali lile lile: hawa walifanya nini na boriti zao? Na jibu la kila mji hulipati ukiwa umekaa Forodhani unakula mishikaki.

Nendeni Kilwa. Kutoka Dar ni safari ya basi kuelekea kusini hadi Kilwa Masoko, mnalipia kiingilio upande wa bara, halafu mnavuka kwa mashua. Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, miaka 19 kabla ya Mji Mkongwe wetu. Mwaka 2004 zikatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hazikutoka humo mpaka 2014. Mkifika Msikiti Mkuu, anzieni upande wa kaskazini, kwenye sehemu kongwe, ya karne ya 11 au 12, ndogo, ya kawaida. Halafu ingieni ukumbi wa kusini, ulioongezwa karne ya 14 na kujengwa upya karne ya 15. Hapo inueni vichwa. Hakuna boriti. Kuna nguzo na matao, na juu ya matao kuna kuba, safu kwa safu, kwa jiwe lile lile la matumbawe na chokaa ile ile. Mafundi wa Kilwa walichoka na ufinyu wa mkoko, wakaamua jiwe lijibebe lenyewe. Mimi nilisimama pale shingo ikaniuma, na sikujali.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, na huyo ndiye anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa lililo juu ya jabali la bahari. Sasa ni magofu, lakini birika la kuogelea la pembe nane bado lipo, limezama katika sakafu ya ua. Mtu alikaa akapima pembe nane zikakutana, karne saba zilizopita, bila ya futikamba ya dukani. Songo Mnara ni safari nyengine ya mashua, na ikiwezekana msiiache, maana kule kuna nyumba za watu: ukumbi, chumba cha ndani, choo, ukuta wenye vidaka vya kuwekea vitu. Unaweza kutembea mtaa mzima ukajua nani alikuwa jirani ya nani.

Kisha rudini Unguja, mtazame upya vitu mlivyovipita tangu utotoni. Kidichi, mahamamu, yaani nyumba za kuogea, aliyoyajenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi: kuba ndogo ndogo, na ndani plasta imechongwa maua na ndege kwa mtindo wa kwao Bibi. Fundi wa kule naye alikimbia boriti. Mkunazini, kanisa lililoanzwa kujengwa 1873 mahali pa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa: Askofu Edward Steere aliliezeka kwa tao moja refu, na watu wakasema litaanguka. Lipo mpaka leo. Wageni mnawaonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, wanacheka, mnatoka. Siku nyengine waonyesheni na lile tao.

Na Beit al Ajaib. Hapo Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883 alileta jibu jipya kabisa: nguzo za chuma kutoka nje, ndefu, nyembamba, na baraza pana za kuzunguka jumba zima. Ghafla chumba kinaweza kuwa ukumbi. Watu wa mji waliokulia kwenye vyumba vyembamba wakaliita jumba la maajabu, na mimi nadhani taa za umeme zilizotiwa baadaye zilikuwa sehemu ndogo tu ya maajabu hayo. Upana ule ndio uliowashangaza. Mwaka 1896 manuwari za Kiingereza ziliupiga mji kwa muda usiofika saa moja. Kasri la Beit al Hukm lililokuwa jirani likavunjika, Beit al Ajaib ikasalimika na majeraha. Halafu tarehe 25 Disemba 2020, siku isiyo na vita yoyote, likiwa katika matengenezo, upande mkubwa wa jumba na mnara wa saa vikaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sina neno la kuongeza hapo, ila hili: msimpeleke mgeni pale mkamwambia tu "hapa palikuwa na lifti ya mwanzo".

Lamu sasa, maana swali la yule mgeni bado linaning'inia. Mnapita mpaka wa Horohoro kwa basi, mnalala Mombasa, asubuhi mnashika basi la Mokowe na kumalizia kwa boti. Lamu iliingia Urithi wa Dunia 2001, mwaka mmoja baada yetu, na ukitembea vichochoro vyake utadhani umerudi nyumbani, mpaka uingie ndani. Nyumba ya kale ya Lamu inakuingiza kwa hatua. Kwanza daka, kibaraza cha mlangoni. Kisha tekani, ukumbi mdogo wa kugeukia, usiweze kuona ndani moja kwa moja. Kisha ua ulio wazi, wenyewe wanauita kiwanda. Kisha msana wa tini, msana wa yuu, yaani kumbi ndefu ya chini na ya juu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba, na ukuta wa zidaka, vile vidaka vya kuwekea vitu, umepangwa kwa niru nyeupe, plasta laini ya chokaa, kutoka chini hadi juu. Kila hatua sakafu inapanda kidogo, mwanga unapungua, na heshima inaongezeka. Ni vyumba vyembamba vya boriti vile vile, lakini vimelazwa kimoja nyuma ya kingine, na ufinyu ukageuka kuwa stara.

Kwetu Unguja, nyumba nyingi mnazoziona ni za karne ya 19, za watu wa karafuu na biashara. Nyumba ya Kiarabu imezunguka ua, nje ukuta mkavu mweupe, ndani ndiko kuna maisha. Nyumba ya Kihindi inafanya kinyume: chini duka, mbao za mbele zinafunguka mtaa mzima uone kitambaa, juu roshani ya kuchungulia wateja. Hizo mbili zimebanana katika mtaa mmoja, ukuta kwa ukuta. Hilo Lamu hulioni sana. Hilo ndilo jibu la mgeni, na nusu yake mtaipata huko na nusu nyengine Hurumzi.

Mombasa nitapita mbio. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mkitoka pale mje mtazame Ngome Kongwe yetu, waliyoijenga Waomani hao hao baada ya ushindi ule, mtaona tofauti ya mtu anayejenga kwa elimu ya mizinga na mtu anayejenga kwa haraka. Yetu ni ukuta na minara, basi. Naipenda hivyo hivyo.

Pemba ndiyo inayoniuma, kwa sababu vijana wa Unguja mnaijua kwa karafuu na halua tu. Ras Mkumbuu kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo, bahari pande zote, na mara nyingi utakuwa peke yako na kaa. Chwaka, karibu na Tumbe, kuna magofu yanayohusishwa na Haruni, mtawala wa zamani katika masimulizi ya wenyeji. Pujini, kusini mashariki ya Chake, kuna ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na mtawala Mkama Ndume, aliyewatesa watu mpaka jina lake likabaki vinywani. Wenyeji watawasimulia kisima kilichotiwa ukuta katikati ili wake wawili wa bwana yule wasionane wakati wa kuteka maji. Kama ni kweli au si kweli mimi sibishani. Sikilizeni kwanza, daftari litoke baadaye.

Na nauli? Kuna kijana amenipitishia karatasi: "Maalim, pesa tutapata wapi?" Swali la haki. Anza na la daladala. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti umeezekwa mabati, nje huwezi kugeuka kuutazama. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ni ya baadaye, ila lile jiwe ni kongwe kuliko karibu kila kitu mnachouza kwa wageni. Maruhubi na Mtoni ziko njia ya Bububu. Na Michenzani iko pale pale Ng'ambo: zile fleti ndefu zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki nazo ni historia, na zege yake nayo ina hadithi ya nani alitaka watu waishi vipi. Ya Kilwa na Lamu wekeni kibati, mchango wa kupokezana, wanne watano pamoja, chumba kimoja cha nyumba ya wageni kinatosha.

Sasa nisikilizeni juu ya lini. Wageni huambiwa waepuke masika. Nyinyi nendeni masika, angalau mara moja. Bahari tu ndiyo muiangalie, kusi likichafuka msilazimishe nahodha. Lakini jengo wakati wa mvua linasema ukweli. Utaona mlizamu upi umeziba na maji yanashuka ukutani badala ya kurushwa barabarani. Utaona mstari wa kijani pale unyevu unapokaa. Boriti haiozi katikati, inaozea kichwani, pale ilipozama ukutani, mahali hakuna anayepaona. Kwa juu dari ni nzima, imepakwa rangi, mgeni anapiga picha. Ukibonyeza kwa kidole karibu na ukuta, kidole kinaingia kama kwenye boflo lililolowa.

Na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu mafundi. Chokaa inapumua. Unyevu ukiingia ukutani hutoka tena. Saruji ni ngumu na inafunga: ukiipaka juu ya matumbawe, unyevu unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inaanguka na uso wa jiwe pamoja nayo. Mwenye nyumba anaona ukuta umebanduka, anaita fundi, fundi anaongeza saruji. Chokaa inataka subira: matumbawe yachomwe, yazimwe kwa maji, iachwe iive, ipakwe tabaka kwa tabaka. Saruji inapatikana duka la kona. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, sheria ipo, lakini sheria haipandi ngazi na karai. Na siku hizi kuna jengine: nyumba inabomolewa ndani yote, inatiwa zege, unabaki ule uso wa mbele na mlango wake. Mlango mzima, nyumba hakuna. Mgeni hatojua. Nyinyi mtajua, kama mmetazama juu.

La mwisho ni adabu za njiani. Magofu mengi yana makaburi ya watu, na baadhi ya misikiti bado inasaliwa. Viatu, nguo, sauti, mnajua wenyewe. Hodi tatu, usipojibiwa ondoka. Mabinti, msidhani maneno haya ya shanta ni ya wavulana peke yao. Nendeni wawili watatu, na katika nyumba za Lamu nyinyi mtakaribishwa ndani kabisa, mahali ambapo mimi mwanamme nimeishia msana. Mtakaporudi mtakuwa na ya kunisimulia.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Maswali nitayajibu tukiwa njiani, maana nimeomba ruhusa tutembee pamoja mpaka adhuhuri. Tunaanzia Hurumzi, tunashukia Kiponda, na nyumba mbili wenyewe wamekubali tuingie. Waliovaa visigino wabadilishe sasa hivi.